Heinrich XIV alimrithi baba yake, Heinrich LXVII

Juzi mteja mmoja aliniletea shajara ya ukoo wa Reuss aliyoichora mwenyewe kwa wino, mistari imenyooka kabisa. Heinrich XIV (wa 14) alimweka juu, Heinrich LXVII (wa 67) chini, na kati yao visanduku vitupu 52 vikisubiri watawala ambao bado hajawapata. Hatawapata. Heinrich LXVII ndiye baba, na Heinrich XIV ni mwanawe wa kumzaa. Kosa hili nimeshalisahihisha mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana yenyewe ni kwamba namba inahesabu watawala, kama kwa wafalme wa Ufaransa. Ukweli ni kwamba kwa Wareuss, waliotawala Greiz na Gera huko Thuringia, Ujerumani, namba inahesabu watoto wa kiume wanaozaliwa. Kila mtoto wa kiume huitwa Heinrich, kwa heshima ya Kaisari Heinrich VI wa karne ya 12, na hupewa namba inayofuata, atawale asitawale. Ndugu, binamu, mtoto wa tawi dogo lisilo na kiti, wote wamo katika hesabu moja ya tawi lao kuu, la Greiz au la Gera.

Halafu hesabu hurudi mwanzo. Tawi la mkubwa, la Greiz, liliweka kanuni ya kuhesabu hadi 100 ndipo lianze upya. Tawi la mdogo, la Gera, huanza upya kila karne. LXVII alizaliwa mwaka 1789, karne ya 18 ikielekea ukingoni, ndiyo maana namba yake ni kubwa. XIV alizaliwa 1832, hesabu ya karne ya 19 ikiwa bado changa. Mfuatano wa watawala wa Gera basi ni huu: LXII, nduguye LXVII (tangu 1854), XIV (tangu 1867), XXVII (1913 hadi 1918). Usitafute walio katikati.

Kibaya zaidi, matawi mawili yakihesabu kila moja kivyake, namba hugongana. Heinrich XXIV wa Köstritz, kijitawi cha upande wa Gera, aliyezaliwa 1855, alikuwa mtunzi wa muziki. Heinrich XXIV wa Greiz, aliyezaliwa 1878, alirithi kiti mwaka 1902 lakini hali ya mwili na akili yake haikumruhusu kutawala. Nimeona shajara iliyompa huyu wa pili simfoni za yule wa kwanza! Ndiyo maana nawasihi wateja wangu: msiandike namba peke yake kamwe. Andikeni namba, tawi na mwaka wa kuzaliwa, hata kwenye karatasi ya rasimu.

Wengine hudhani dada wa huyo mgonjwa wa Greiz angeshika nafasi yake. Alikuwa na dada watano, na hakuna aliyeshika, kwani kiti kilipita kwa wanaume tu. Usimamizi wa Greiz ulikwenda Gera, kwa Heinrich XIV na baadaye mwanawe XXVII. Tawi la Greiz likakatika kwa upande wa wanaume mwaka 1927, likiwa mbali sana na ile 100.

Mmoja wa dada hao, Hermine, huitwa malkia wa mwisho wa Ujerumani. Si kweli. Aliolewa na Wilhelm II, Kaisari wa zamani wa Ujerumani, mwaka 1922 huko Doorn, Uholanzi, miaka minne baada ya Wilhelm kupoteza kiti.

Na wanaouliza nani anatawala Reuss leo: hakuna. Utawala ulikoma 1918, nchi zote mbili zikaingia katika jimbo la Thuringia mwaka 1920, na tangu katiba ya Ujerumani ya 1919 neno Prinz (mwanamfalme) ni sehemu ya jina la ukoo. Kwenye shajara liandikwe hapo, kwenye safu ya jina. Safu ya cheo iachwe wazi.