Mashine ikikuuliza "shilingi au dirham", usikimbilie shilingi

Kuna watu wanaamini ukiwa Dubai ukalipa kwa kadi, halafu kimashine kikauliza ulipe kwa shilingi au kwa dirham, hela ya huko, basi shilingi ndo salama maana "hela yangu naijua". Mimi mwenyewe nilishanaswa hukohuko Dubai, mtaa wa Deira, nanunua begi la kuburuza, kijana wa kaunta ananigeuzia mashine, naona shilingi za kwetu zimeandikwa vizuri kabisa, roho ikatulia, nikabonyeza. Nilipigwa mchana kweupe aisee.

Iko hivi. Ukichagua shilingi, wanaobadilisha hela ni upande wa mwenye mashine, reti, yaani bei ya kubadilishia hela, wanajipangia wao na faida yao imeshatiwa humohumo. Ukichagua dirham, inatumika reti ya Visa au Mastercard halafu benki yako inaongeza makato yake, na mara nyingi hata ukijumlisha hayo bado unatoa kidogo. ATM nazo zina mtego huohuo, tena zinauliza kiujanja, kile kitufe cha kukataa ubadilishaji kinatisha kama vile ukikigusa hela haitoki, kumbe inatoka freshi tu.

Akili zetu bwana, namba tuliyoizoea tunaiona ya kweli, ya kigeni tunaiona ya wizi. Na dirham yenyewe wala haisumbui, tangu 1997 thamani yake imefungwa kwenye dola ya Marekani, dola 1 ni kama dirham 3.67, unapiga hesabu kichwani ukiwa bado kwenye foleni.