Pistoni namba moja kuwa juu hakujakwambia kitu

Jana limevutwa kwa kamba gari jingine, kutoka Chumbageni mpaka kwetu Ngamiani, hapa Tanga. Ni Toyota LiteAce, injini ya 5K. Mwenyewe kabadilisha gasketi ya hedi nyumbani, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaingia, kang'oa na distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, aisafishe. Kapiga stata mpaka betri imelala. Nikamwuliza taimingi, yaani wakati wa plagi kuchoma, kaiwekaje. "Fundi, hapo usihangaike, pistoni namba moja iko juu, nimepima kwa bisibisi."

Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na leo naliandikia.

Pistoni namba moja hupanda juu mara mbili. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili, kemi, mhimili unaofungua valvu, mara moja, ndipo mzunguko mmoja wa injini unakamilika. Safari moja inapanda valvu zote zimefungwa, hewa na petroli vinabanwa, hapo ndipo moto unatakiwa. Safari nyingine inapanda kufukuza moshi. Bisibisi yako haijui hii ni ipi. Alama ya puli ya kranki nayo haijui, maana inarudi sifuri safari zote mbili. Ukiiweka distributa kwenye safari ya moshi, plagi inachoma wakati valvu ya kuingiza inaanza kufunguka, na kabureta inapiga chafya ya moto usoni kwako. Gari haliwaki ng'o.

Kuijua safari yenyewe ni rahisi. Toa plagi namba moja, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe kranki kwa spana. Upepo ukikisukuma kidole, hiyo ndiyo. Au kama kava la juu bado liko wazi, tazama roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu: za namba moja zote mbili zimelegea, na za namba nne ndizo zinapokezana, moja inamalizia kufunga, nyingine inaanza kufungua. Mimi huamini roka kuliko kidole.

Lile LiteAce sikung'oa hata distributa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, kwa hiyo kwenye kofia ya distributa nilipishanisha waya wa 1 na wa 4, wa 3 na wa 2. Likawaka, kisha nikanyoosha kwa taa ya taimingi. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa na jirani kwamba cheni inayounganisha kranki na kemi imeruka. Cheni hakuigusa! Taimingi ya moto ni kitu kimoja, ya valvu ni kingine, na tunaziita kwa jina moja, ndiyo maana watu wanafungua mbele ya injini bila sababu.

Sasa walio na belti badala ya cheni, maana nao wanakuja na hofu iliyo kinyume. "Fundi, belti ikiwa nje nilizungusha kranki mzunguko mzima, nimeharibu taimingi?" Hujaharibu, ila kama pistoni imegonga valvu. Kranki peke yake haina safari ya moshi wala ya kubana, kemi ndiyo inayoamua. Rudisha alama ya kranki, rudisha ya kemi, vika belti. Upande usio na tenshena, puli inayokaza belti, uwe umekaza kabisa, ulegevu wote uende kwa tenshena. Kisha zungusha kwa spana, plagi zikiwa nje, mizunguko miwili kamili, utazame alama upya. Ikikwama njiani, simama. Usilazimishe, na usipige stata, kwani kwenye injini ambayo pistoni hufikia valvu utazipinda.

Belti ikikosea jino moja, hilo si dogo. Puli ya kemi yenye meno 40, jino moja ni nyuzi 9 za kemi, yaani 18 za kranki. Gari linaweza kuwaka vizuri tu, likatembea mjini mpaka Raskazone bila lawama, halafu likashindwa kupanda kutoka Mombo kwenda Soni.

Na hapa nakiri. Kwa kusikiliza tu, jino moja la kuchelewa na gasketi ya manifoldi inayovuta hewa vimenichanganya zaidi ya mara moja. Kuna na hedi iliyosagwa: inashuka, kemi inaikaribia kranki, na alama ya kemi inabaki nyuma kidogo hata ukifunga kwa haki. Ikiwa nyuma kwa unywele, naiacha. Ikifika nusu ya jino, nasimama pale na spana mkononi, sijui nilaumu belti, msagaji, au aliyefunga kabla yangu. Hapo nafungua tena, napima kompresheni, yaani mbano, ya silinda zote nne, navika upya. Mara mbili nimeikuta ileile nusu ya jino, nikafunga, gari likaenda.

Ukitaka kung'oa distributa mwenyewe, kwanza piga picha rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, inapoelekea, na uchore kwa rangi kwenye bloku. Baada ya hapo usiguse kranki.