Choe Yong-gon: mkuu wa nchi anayesahaulika

Wengi hudhani Kim Il-sung alikuwa rais wa Korea Kaskazini tangu 1948. Sivyo. Cheo cha rais kilizaliwa na katiba ya Desemba 1972. Kabla ya hapo Kim alikuwa waziri mkuu. Madaraka halisi, kweli, alikuwa nayo yeye.

Kwa sheria, ukuu wa nchi ulikuwa wa mwenyekiti wa Presidiamu ya Bunge (kamati yake ya kudumu), na kuanzia 1957 hadi 1972 alikikalia kiti hicho Choe Yong-gon. Huyu alikuwa mpiganaji wa msituni Manchuria dhidi ya Wajapani, kisha waziri wa ulinzi. Kioja ni kwamba mwaka 1946, mkomunisti huyu aliwekwa kuongoza Chama cha Demokrasia, chama kisicho cha kikomunisti, baada ya mwanzilishi wake, Cho Man-sik, kuzuiliwa na Wasovieti, ambao jeshi lao lilikuwa limeikalia kaskazini mwa Korea.