Maana ya jukwaa la hifadhidata, na namna ya kulichagua kampuni inapokua

Hifadhidata, ambayo wengine huiita kanzidata, ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa ili programu iweze kuzitafuta na kuzibadilisha bila kuzivuruga. Jukwaa la hifadhidata ni ile programu inayousimamia mkusanyiko huo: hupokea maombi kutoka mifumo ya mauzo, stoo, mishahara na uhasibu, huamua nani aandike kwanza, na huhakikisha kilichoandikwa kimefika kwenye diski kabla ya kumjibu aliyeomba kwamba kazi imekamilika.

Kampuni nyingi huanza na Excel, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Tatizo ni kwamba faili la hesabu halina wajibu wa kukataa kosa. Mwaka 2020 huko Uingereza, majibu 15,841 ya waliokutwa na UVIKO-19 yalichelewa kuingia katika takwimu za kila siku kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye mafaili ya aina ya zamani ya Excel, ambayo hayabebi zaidi ya mistari 65,536, na mistari iliyozidi ikaachwa nje kimyakimya. Hifadhidata iliyopangwa vizuri, ikishindwa kupokea mstari, husema imeshindwa.

Neno la kulielewa kabla ya kulinganisha majina ya kibiashara ni muamala, yaani hatua kadhaa zinazokamilika zote kwa pamoja au kutenguliwa zote. Tuchukue kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye maduka mawili yanayotegemea stoo moja, ambamo imebaki mifuko 40 ya saruji. Keshia wa duka la kwanza anauza mifuko 30, na wa duka la pili anauza 25 katika dakika ileile, huku skrini zote mbili zikionyesha 40. Katika faili la kushirikiana, atakayehifadhi mwisho atafuta hesabu ya mwenzake. Wa duka la pili akiwa ndiye wa mwisho, stoo itaonekana ina mifuko 15, ilhali wateja wamelipia 55. Katika hifadhidata yenye miamala ya kweli, ombi lililotangulia huufunga mstari wa saruji, 40 inakuwa 10, na muamala unathibitishwa. Ombi la pili husubiri sehemu ndogo ya sekunde, hukuta 10, na kwa kuwa jedwali limewekewa kanuni kwamba idadi isishuke chini ya sifuri, mauzo yanakataliwa wakati mteja bado yuko kaunta. Vivyo hivyo umeme ukikatika baada ya stoo kupunguzwa na kabla ya ankara kuandikwa, hatua zote mbili hutenguliwa kwa pamoja.

Msingi wa majukwaa mengi ya aina hii ni wazo la Edgar F. Codd wa IBM, lililochapishwa mwaka 1970: taarifa ziwekwe katika majedwali, na majedwali yahusishwe kwa thamani zilizomo ndani yake, kama namba ya mteja inayojirudia kwenye ankara. Lugha ya kuyauliza majedwali hayo ni SQL, na fundi anayeijua vizuri hapati taabu kubwa kuhama kutoka jukwaa moja hadi jingine.

Kwa mifumo ya biashara ya kawaida, maoni yangu ni kuanza na PostgreSQL, isipokuwa kuna sababu ya wazi ya kufanya vingine. Ilitokana na mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. Haina ada ya leseni na haimilikiwi na kampuni moja. Suala la umiliki lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hifadhidata hudumu miaka mingi kuliko programu zilizojengwa juu yake. MySQL, jukwaa jingine lililotoka mwaka 1995, ilinunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Oracle. Mmoja wa waasisi wake, Michael Widenius, alikuwa ameshaanzisha tawi lake huru, MariaDB. Zote mbili zinafanya kazi vizuri. Hifadhidata ya Oracle yenyewe na SQL Server ya Microsoft zinafaa hasa pale mfumo wa uhasibu ulionunuliwa unapozidai, mradi gharama ya leseni ipigiwe hesabu ya miaka mitano ijayo. MongoDB huhifadhi nyaraka zisizo na umbo moja, lakini ankara na mishahara zina umbo lilelile kila mwezi.

Hofu ya kwamba data itazidi uwezo wa jukwaa mara nyingi haina msingi. Seva moja ya kawaida hubeba mamilioni ya mistari, na ripoti inayochelewa kwa kawaida imekosa faharasa, yaani orodha ya pembeni inayoliwezesha jukwaa kwenda moja kwa moja kwenye mstari unaotakiwa badala ya kusoma jedwali zima. Anayefikiria kukodi huduma ya wingu, yaani seva za kampuni nyingine zinazofikiwa kwa intaneti, asome pia masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi katika sheria ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022.

Hata hivyo, swali ambalo ningeliweka mbele ya bei ni nani atalitunza jukwaa hilo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alifuta data kwenye seva isiyokusudiwa. Njia za nakala rudufu walizozitegemea hazikuwasaidia, na kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono takriban muda wa saa sita kabla ya tukio. Jukwaa lao lilikuwa PostgreSQL, na halikuwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wowote, mwambie fundi achukue nakala rudufu ya jana, airudishe kwenye kompyuta tupu mbele yako, kisha afungue ankara ya mwisho iliyotolewa jana jioni.