Leya ya Mgeni Rasmi: Kupanga Faili Linalokubali Kubadilishwa

Katika kazi ya mabango hapa Dodoma, jina la mgeni rasmi hubadilika kuliko kitu kingine chochote. Mji una Bunge, una wizara kule Mtumba, una vyuo, na semina, warsha, uzinduzi na mahafali haviishi. Bango linaagizwa Jumatatu likiwa na jina na picha ya waziri. Alhamisi jioni simu inaita: "Fundi, mheshimiwa kapata udhuru, anakuja naibu wake. Tubadilishie jina na picha, asubuhi tunapita kulichukua." Kama faili lako limepangwa, unabadilisha, unahifadhi, unatuma kiwandani likachapwe. Kama ulichobaki nacho ni JPEG, yaani picha moja iliyokwisha kuungana, usiku huo unatengeneza bango upya kuanzia mwanzo.

Ndiyo maana vijana wanaokuja kujifunza kwangu siwaanzishi na rangi wala fonti. Nawaanzisha na leya, na njia za mkato za kibodi nawafundisha humohumo, kila kitufe kikija na kazi yake. Wengi hufika wakiwa wamekariri vitufe vingi kutoka kwenye video, vidole vinakimbia kweli, lakini ukifungua faili lao unakuta leya themanini na kila moja inaitwa "Layer 12 copy 3". Hapo hata mwenyewe hawezi kukuambia nembo iko wapi.

Leya ni kama karatasi za nailoni zilizowekwa moja juu ya nyingine. Penye mchoro panaziba kilicho chini, pasipo na kitu panapitisha macho. Kwenye paneli ya leya, iliyo juu kabisa kwenye orodha ndiyo iliyo mbele kabisa kwenye kazi yako. Kijana akiniambia "maandishi yangu yamepotea", mara nyingi hayajapotea, yako chini ya picha. Anachagua leya ya maandishi, anabonyeza Ctrl na ] na leya inapanda hatua moja, akiongeza Shift inapanda hadi juu kabisa. Kwa mabano ya upande wa pili, [ , inashuka. Vitufe hivyo hufanya kazi ya kupandisha na kushusha kwenye Photoshop, programu ya picha ninayoizungumzia hapa, na kwenye Illustrator na Canva pia vinapeleka kitu mbele au nyuma, kwa hiyo ni vya kwanza kabisa kuviweka kidoleni.

Photoshop ilipotoka mwaka 1990 haikuwa na leya. Ukiandika maneno juu ya picha, pikseli za maneno, yaani vinukta vinavyounda picha, zilikalia nafasi ya pikseli za picha, na kilichokuwa chini kimekwenda. Leya zilikuja na toleo la 3.0 mwaka 1994, na leya za marekebisho, zile za kubadili mwanga na rangi bila kuigusa picha yenyewe, zikaja na toleo la 4.0 mwaka 1996. Kurudi nyuma hatua nyingi nako kulisubiri toleo la 5.0, mwaka 1998. Leo mtu mwenye programu mpya kabisa akihifadhi kazi yake kwa JPEG peke yake, amejirudisha kwenye hali ya kabla ya 1994 kwa hiari yake. JPEG haibebi leya. PNG nayo, pamoja na kuhifadhi sehemu zilizo wazi, inakunja kila kitu kuwa picha moja. Faili la kazi, lenye leya zake zote, ni PSD ya Photoshop, au XCF kwa wanaotumia programu ya GIMP, na hilo ndilo la kutunza mpaka shughuli ipite na baada ya hapo, kwa sababu mwakani mteja yuleyule atarudi na mahafali mengine.

Sasa turudi kwenye bango letu la mgeni rasmi. Chini kabisa kuna usuli. Juu yake kuna nembo za taasisi, kisha kichwa cha shughuli, kaulimbiu, tarehe na ukumbi, kisha picha ya mgeni na jina lake na cheo chake. Vile vinavyohusu mgeni navichagua vyote, Ctrl na G, vinaingia kwenye folda moja. Nabofya mara mbili kwenye jina la folda na kuandika "mgeni rasmi". Tarehe na ukumbi vinapata folda yao, kwa sababu navyo hubadilika: ukumbi ulioahidiwa umejaa, shughuli imehamia chuo fulani. Nembo nazifunga kwa alama ya kufuli zisisogee kwa bahati mbaya. Kazi hii ya kutaja majina inaonekana ya kupoteza muda kwa kijana mwenye haraka, na hapa ndipo ninaposhikilia sana. Faili si lako peke yako. Siku unaumwa, mwenzako atalifungua, na asipoelewa ndani ya dakika moja kipi ni kipi, umemkabidhi mzigo, hujamkabidhi kazi.

Picha ya mgeni ndiyo inayoharibu mabango mengi mjini. Imepigwa mahali pengine, nyuma yake kuna pazia au viti, na inatakiwa ikae juu ya usuli wa bango. Kijana anachukua ufutio na kufuta pazia. Akifuta bega kidogo, bega limekwenda, na akishafunga faili hawezi kulirudisha. Njia ya kudumu ni maski. Maski inabandikwa kwenye leya na inaamua nini kionekane: ukipaka nyeusi unaficha, ukipaka nyeupe unarudisha, ukipaka kijivu unapata nusu-nusu, na picha yenyewe haijaguswa hata pikseli moja.

Hapa vitufe vinaanza kulipa. Chagua maski, siyo picha (mpaka wake kwenye paneli unakuonyesha kipi kimechaguliwa), bonyeza B upate brashi, bonyeza D ili rangi zirudi kuwa nyeupe na nyeusi, kisha X ili nyeusi ije mbele. Kuanzia hapo mkono wa kulia hautoki kwenye mausi na wa kushoto hautoki kwenye kibodi. Umeficha kupita kiasi? X, rangi zinabadilishana nafasi, unapaka nyeupe, bega linarudi. X tena, unaendelea kuficha. Brashi ikiwa kubwa mno kwa sikio, [ inaipunguza, ukifika kwenye eneo pana la koti, ] inaikuza. Ukitaka kusogea kwenye picha bila kuacha brashi, shikilia kitufe cha nafasi na uvute. Kazi hii ikifanywa kwa kubofya menyu, mtu anachoka kabla ya kufika nywele, na nywele ndizo zinazohitaji uvumilivu wake wote. Ndiyo maana nasema njia za mkato si mbwembwe. Zinaliacha jicho kwenye picha.

Mambo matatu zaidi ya maski ambayo wengi hawaambiwi. Ukishikilia Shift na kubofya maski, inazimika kwa muda uone picha nzima. Ukishikilia Alt na kuibofya, unaona maski yenyewe kwa nyeusi na nyeupe, na hapo madoa uliyoyasahau yanajitokeza yote. Na Ctrl pamoja na I inageuza nyeusi kuwa nyeupe, kwa hiyo ukiwa umeficha upande usio sahihi huhitaji kupaka upya.

Jamaa wa maski ni kubana leya kwenye umbo. Unachora duara, unaweka picha ya mgeni juu yake, unabonyeza Ctrl, Alt na G, na picha inaonekana ndani ya duara tu. Akibadilika mgeni, unaweka picha mpya palepale juu ya duara, unaibana vilevile, unafuta ya zamani. Duara, ukingo wake na kivuli chake havijasogea. Kwa mabango yenye wazungumzaji sita au wanane kwenye vidirisha vyao, sijui namna bora kuliko hii.

Kitu kingine kizuri cha leya ni namna zinavyochanganyika, na mfano wangu wa kila mara ni lebo ya mvinyo. Mkoa wetu ni wa zabibu, kuanzia Makutupora na kuendelea, na wajasiriamali wadogo wanaofungasha juisi, zabibu kavu na mvinyo wanahitaji lebo. Mchoro wa kichala cha zabibu uliochorwa kwa wino kwenye karatasi nyeupe, ukaskaniwa, unakuja na weupe wa karatasi. Usiukate. Uweke juu ya usuli wako, kisha kwenye orodha iliyo juu ya paneli ya leya chagua Multiply. Weupe unatoweka, wino unabaki. Sababu ni hesabu nyepesi: kompyuta inachukua kila rangi kama namba kati ya 0 na 1, inazidisha ya juu kwa ya chini. Nyeupe ni 1, na chochote ukikizidisha kwa 1 kinabaki kilivyo, ndiyo maana weupe hauonekani. Nyeusi ni 0, na chochote mara 0 ni 0, ndiyo maana wino unabaki mweusi. Screen, iliyo kwenye orodha hiyohiyo, inafanya kinyume chake: nyeusi ndiyo inayotoweka. Kijana akielewa hesabu hii haendi tena kujaribu namna moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Ukiona mchoro umekolea mno, chagua kifaa cha kusogeza kwa V, kisha bonyeza 7 na ukolevu wa leya unashuka hadi asilimia 70. 5 ni asilimia 50, 0 inarudisha 100. Kifaa hicho hicho cha kusogeza kina faida nyingine kwenye faili lenye leya nyingi: shikilia Ctrl na ubofye kitu kwenye picha, leya yake inachaguliwa yenyewe. Ukibofya kitufe cha kulia cha mausi, unapata orodha ya leya zote zilizo chini ya kielekezi. Na Alt pamoja na kubofya alama ya jicho inazima leya nyingine zote ibaki moja.

Kitufe ninachowaonya nacho ni Ctrl na E. Kinaunganisha leya na iliyo chini yake, na vijana wanakipenda kwa sababu kinapunguza orodha. Orodha ikiwa ndefu, tumia folda. Ukihitaji picha moja iliyoungana ili uipitishie kazi fulani, bonyeza Ctrl, Alt, Shift na E kwa pamoja: unapata leya mpya yenye muunganiko wa vyote vinavyoonekana, na za chini zinabaki zilivyo. Kwa kunakili leya, Ctrl na J. Kwa kubadili ukubwa, Ctrl na T. Na Ctrl na S ndiyo ya kubonyeza kila unapopumua, kwa sababu umeme haukupigii hodi unapokatika.

Karakana nyingi zinatumia programu zaidi ya moja, na hapo vidole huchanganyikiwa. Ctrl na D kwenye Photoshop inaondoa uteuzi, kwenye Illustrator inarudia hatua ya mwisho ya kusogeza au kugeuza, kwenye CorelDRAW inanakili, na kwenye InDesign inakuletea dirisha la kuingiza picha. Ctrl na Q ndiyo yenye hatari zaidi: anayetayarisha stika kwenye CorelDRAW huitumia kugeuza maandishi kuwa michoro kabla ya kukata, lakini kwenye Photoshop ya Windows inafunga programu. Matoleo nayo yanatofautiana. Mpaka toleo la 2018 la Photoshop, Ctrl na Z ilirudi hatua moja tu, na ukiibonyeza tena ikakupeleka ulikotoka; kurudi zaidi ulihitaji Ctrl, Alt na Z. Toleo la 2019 na yaliyofuata hurudi hatua nyingi kwa Ctrl na Z peke yake. Ukifungua Photoshop CS6 ya mwaka 2012 kwenye kompyuta ya karakana na kushangaa kwa nini hairudi nyuma, sababu ni hiyo.

La mwisho ni uzito. Bango la kusimamisha la sentimita 85 kwa 200, ukilifungua kwa pikseli 300 kwa inchi, lina pikseli karibu 10,000 kwa 23,600, na leya moja iliyojaa inachukua karibu MB 700 za kumbukumbu kabla ya kubanwa. Kompyuta yenye GB 8 itakwama kwenye leya ya kumi, na kijana ataanza kuunganisha leya ili ipumue. Kwa bango linalotazamwa kwa umbali wa hatua chache, pikseli 150 kwa inchi zinatosha, na uzito unashuka hadi robo. Pikseli 300 ziache kwa kadi, vipeperushi na lebo, vitu vinavyoshikwa mkononi. Kiwandani peleka PDF yenye milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia, na ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, usiitume kama picha. PSD inabaki kwako, kwenye kompyuta na kwenye diski ya pili, folda ya "mgeni rasmi" ikiwa bado inafunguka.