Yom Kippur: saumu haimridhishi jirani

Wanafunzi wangu wa Kiebrania hushangaa ninapowaambia kuwa jina la siku hii takatifu ya Wayahudi wanalifahamu tangu utotoni. "Kippur" na "kafara" ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kisemiti, jamii ya lugha zenye Kiebrania na Kiarabu. Letu tulilipata kwa Waarabu. Biblia zetu huiita Siku ya Upatanisho.

Huwa tarehe 10 ya mwezi wa Tishri wa kalenda ya Kiyahudi, yaani Septemba au Oktoba. Wayahudi hufunga takriban saa 25, tangu jua linapokaribia kutua hadi giza la kesho yake, pembe ya kondoo dume inapopulizwa. Hata maji hawanywi. Walawi 23 haitaji kufunga. Inasema "mtazitesa nafsi zenu", na Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, ikafafanua: msile wala kunywa, msioge, msijipake mafuta, msivae viatu, mke na mume wasikutane. Viatu vinavyokatazwa ni vya ngozi, ndiyo maana utamwona mzee amevaa vazi jeupe la ibada na raba miguuni. Mgonjwa akisema lazima ale, hulishwa, hata kama matabibu wanasema anaweza kuvumilia.

Katika maungamo kila mtu hujigonga kifua akisema "ashamnu", tumekosa. Hiyo -nu ya mwisho ndiyo "tu-" yetu. Asiyewahi kugusa mali ya mtu naye husema "gazalnu", tumenyang'anya. Nimeyafundisha maneno haya miaka mingi na bado huniingia moyoni: hakuna anayeachwa aungame peke yake.

Lakini kuna mahali saumu haifiki. Mishna inasema makosa kati ya mtu na Mungu husamehewa siku hii; ya mtu na mwenzake hayasamehewi mpaka amridhishe mwenzake. Kwa hiyo kazi nzito hufanyika kabla, katika siku za kubisha hodi milangoni kwa watu. Maimonides, mwanazuoni wa sheria za Kiyahudi wa karne ya 12, aliandika kwamba ukikataliwa upeleke rafiki watatu wa uliyemkosea wakuombee, kisha mara ya pili, kisha ya tatu. Akishikilia kukataa, mwache. Sasa mwenye kosa ni yeye.

Je, akiwa amekwisha kufa? Chukua watu kumi, simama nao kaburini, ulitaje kosa lako mbele yao. Kama alikuwa anakudai, walipe warithi wake.