Tarakimu sita zikikataliwa Lubumbashi, anza na saa

Mfanyakazi wa depo ameandika neno lake la siri sawasawa, amesoma kwenye simu tarakimu sita za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30, na programu ya mauzo imezikataa. Anangoja zibadilike, anaandika tena, zinakataliwa. Wengi hukimbilia kufuta akaunti na kuiunganisha upya. Mimi huomba kwanza simu yenyewe, nitazame saa.

Tarakimu zile haziji kwa intaneti. Siku ya kuunganisha, seva na simu hupewa ufunguo mmoja wa siri kupitia ile picha ya mraba inayosomwa na kamera. Baada ya hapo kila upande huhesabu peke yake: vipindi vya sekunde 30 vilivyopita tangu tarehe 1 Januari 1970, kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), vinachanganywa na ufunguo, tarakimu zinatoka. Utaratibu huo unaitwa TOTP na ulichapishwa mwaka 2011. Simu isiyo na mtandao kabisa hutoa tarakimu sahihi, mradi saa yake iwe sahihi.

Mtego wetu uko hapo. Lubumbashi iko mbele ya UTC kwa saa 2, Kinshasa kwa saa 1. Simu iliyopangwa kwa eneo la Kinshasa huonyesha saa nne asubuhi wakati huku ni saa tano. Mwenye simu anaona imechelewa, anazima upangaji wa saa wa moja kwa moja, anaisogeza mbele kwa mkono. Kioo kinasema kweli sasa, lakini kwa ndani simu inaamini UTC imesogea sekunde 3,600, yaani vipindi 120 mbele ya seva. Chagua eneo la Lubumbashi, kisha washa tena upangaji wa moja kwa moja. Ufunguo hauna kosa, usiuguse.

Wakikataliwa wote kwa pamoja, kagua seva. Kompyuta ya ofisini iliyogeuzwa seva, betri yake ndogo ya CR2032 ikiisha, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, hata kwa miaka. Badilisha betri, kisha weka chrony, programu ya kulinganisha saa, isahihishe saa kila mtandao unapopatikana.

Tafadhali, mtengeneza programu, usiponye tatizo hili kwa kupanua dirisha, yaani idadi ya vipindi ambavyo seva inavikubali. Kubali kipindi cha sasa na kimoja kila upande. Ukikubali 120 kila upande, namba 241 za tarakimu sita kati ya 1,000,000 zinafungua mlango kwa wakati mmoja, na mwizi mwenye subira atazipata. Zuia akaunti kwa muda baada ya majaribio matano, na tarakimu zilizokwisha kutumika zisikubaliwe mara ya pili.

Neno la siri hifadhi kama hashi, alama isiyoweza kurudishwa kuwa neno lenyewe, kwa njia ya Argon2id: kumbukumbu MiB 19, mizunguko 2. Ufunguo wa TOTP hauwezi kuwekwa hivyo, kwa sababu seva inauhitaji mzima ili ihesabu. Usimbe, yaani uufiche kwa ufunguo mwingine, na ufunguo huo wa kuusimbua ukae nje ya hifadhidata. Bila hivyo, nakala moja ya hifadhidata kwenye fleshi inatosha kumpa mtu tarakimu za wafanyakazi wote.

Kwa siku simu inapopotea, mpe kila mtumiaji namba 10 za dharura, kila moja ya kutumika mara moja tu. Azichapishe, azifungie kwenye sanduku la pesa. Picha yake ndani ya simu ileile itapotea pamoja na simu.